Mahindi Yaliyorudishwa Mpakani

Mtungi wangu wa naitrojeni, ule wa kugandishia mbegu za madume, niliukabidhi Ijumaa, siku yangu ya mwisho kazini, pamoja na thermos ya kuyeyushia mbegu, mkasi, glavu zilizobaki na madaftari matatu. Bwana aliyevipokea aliandika kila kitu kwenye fomu, akaniuliza kama nina lolote la kuwaambia wanaobaki kazini. Nilikuwa nalo, lakini nilimwona akitazama saa ya chakula cha mchana, nikasema sina. Haya ndiyo niliyoyameza siku ile.

Kwa miaka yote niliyopandisha ng'ombe kati ya Tororo na Busia, simu yangu ilianza kulia jogoo akiwika. Dokita, ng'ombe yuko kwenye joto. Dokita, njoo upesi. Udaktari sina, nina cheti cha miezi michache tu, ila ukishatia mkono ndani ya ng'ombe wa mtu hakuna anayekuuliza vyeti. Sasa simu inalia mara moja kwa siku, na ni kampuni ya simu inayonikumbusha kuongeza salio. Naipokea, jamani. Juzi nilimwambia yule mama wa kwenye mashine, "Asante, na wewe uwe na siku njema," kisha nikakumbuka kwamba hanisikii.

Habari za vyeo nitaziacha. Nawaandikia ninyi mtakaoubeba mtungi ule, na nataka kuanza na siku yangu ya kwanza, kwa sababu kosa langu kubwa lilikuwa kusahau nilichofundishwa siku ile.

Aliyenifundisha ni Mzee Omuse, Mteso wa Mella, mfupi, mwenye koti moja la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Alinipeleka kwenye boma moja huko kwao Mella. Wanaume saba walikuwa wamekuja kumtazama mwanamke akitia mkono mzima ndani ya ng'ombe, na mmoja alikuja na kiti chake kabisa. Nilikuwa nimeshavaa glavu, nimepaka sabuni, mkono uko hewani, Mzee Omuse akaniambia, "Nekesa, shusha mkono. Bado hujamsalimia."

"Nimsalimie ng'ombe?"

"Msalimie mwenye ng'ombe. Muulize: amekula nini, amekula wapi, amekula na nani. Ukimaliza hayo matatu, ndiyo uvae glavu."

Wale wanaume wakacheka, nami nikacheka nao. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba tumbo la uzazi haliko peke yake duniani, liko mwishoni mwa safari ndefu inayoanzia mdomoni. Ukijua ng'ombe amekula nini, umejua nusu ya ugonjwa. Ukijua alikula wapi, umejua na maji na majani ya hapo. Na ukijua alikula na nani, basi waangalie hao wenzake wana hali gani, maana mnyama mmoja anaweza kukudanganya, watatu hawawezi. Nikayaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kwanza. Daftari likajaa, nikanunua jingine, na ukurasa ule ukabaki kule nyuma.

Lazima niseme kidogo habari za nyumbani kwangu, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Mimi ni Msamia, nimezaliwa Busia upande wa Kenya, na niliolewa Tororo mjini na dereva wa lori. Tulikaa miaka sita bila mtoto. Mwaka wa sita mama mkwe aliita watu, akanisimamisha mbele yao, akasema, "Huyu ni tasa." Neno moja tu, na mjadala ukafungwa. Mume wangu hakupimwa. Mimi nilipimwa kwa macho. Baadaye alioa wengine wawili, na sikuwahi kuuliza walizaa wangapi.

Nikapanga chumba Busia upande wa Uganda, nikajitosa kazini. Watu walinitania: "Dokita anatia mimba ng'ombe wetu wote, na yeye je?" Nilijifunza kujibu kabla hawajamaliza kucheka. Nilisema mimi ni fundi wa nyumba za watu, yangu ina matundu. Utani ule uliniuma kila mara, sitawaficha. Lakini kazi ilinipa watu wa kuniita, na mtu anayeitwa kila asubuhi anaweza kujidanganya kwamba hayuko peke yake.

Nikawa hodari. Mzee Omuse alistaafu, kisha akafariki, na mimi nikarithi eneo lake lote, kutoka Mella hadi Paya, na siku nyingine hadi Lunyo. Nilikuwa naweza kukuambia kwa vidole tu kama ng'ombe ana mimba ya siku arobaini. Mkono wangu ulipopata sifa, mdomo wangu ukaacha kuuliza. Nilikuwa nafika, navaa glavu, namaliza, napanda bodaboda kwenda kwingine.

Sasa tuje kwenye mahindi.

Ulikuja msimu ambao mvua haikujua kuacha. Mahindi yalivunwa yakiwa mabichi, yakapakiwa malorini mabichi, na yalipofika mpakani Kenya wakayapima, wakayakataa. Yana sumu ya ukungu, hayafai kwa chakula cha watu. Malori yakapanga foleni, mengine yakageuza. Yale mahindi hayakurudi yalikotoka. Yalishushwa huku kwetu, yakasagwa, yakauzwa kwa bei ya kutupa kama chakula cha mifugo. Ukishika punje moja ungeona wekundu kwenye ncha, kama mtu aliyepaka rangi ya mdomo na kuifuta vibaya.

Wafugaji wa Paya, na waliotoka mbali hadi Mella na Lunyo, waliniuliza mkutanoni, pale uwanja wa soko. Dokita, haya tunaweza kuwapa ng'ombe? Watu walikuwa wengi, na mimi napenda watu wakiwa wengi. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Ng'ombe hana tumbo la mtu! Ana matumbo manne. Kinachomuua mtu, yeye anacheua tu." Wakapiga makofi. Nilikuwa nimeyasema nisiyoyajua, na niliyasema vizuri mno.

Miongoni mwa waliopiga makofi, wakaenda kuyanunua, alikuwa Mama Owor. Alikuwa mjane, mwanawe Owor anafanya kazi ya kupakia mizigo upande wa Kenya, na yeye amebaki Paya na bustani ya muhogo, nguruwe wachache, na ng'ombe ambaye si wake. Ng'ombe alikuwa wa shemeji yake, Obbo. Mnaijua desturi yetu: mtu anakupa ng'ombe umtunze. Unamlisha, unakunywa maziwa. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, wa pili ni wako. Ndivyo mtu asiye na kitu anavyopata kitu. Ng'ombe mwenyewe aliitwa Nyamalaba kwa sababu alitoka mnadani Malaba, na alikuwa ameshazaa ndama wa kwanza, mtamba mwekundu wa Obbo, aliyekuwa bado pale pale bomani. Mama Owor alikuwa anamngoja wa pili. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na ng'ombe wake mwenyewe, na kila nikifika ananiambia, "Dokita, hii ya sasa ni yangu. Weka mkono vizuri."

Nikampandisha Nyamalaba. Akarudi kwenye joto, maana yake hakushika mimba. Nikampandisha tena, akarudi, na safari hii hakungoja zile siku ishirini na moja za kawaida. Alirudi baada ya siku kumi. Halafu baada ya sita. Alikuwa analia mchana kutwa na kuwapanda wenzake wa malishoni kama dume.

Mara ya tatu Mama Owor alinipokea njiani. "Dokita, mimi naona maneno ingine. Ile mtamba hajapanda dume hata siku moja, lakini chuchu yake nafura, kama anataka kuzaa. Na nguruwe yangu ile kidogo-kidogo, ya juzi, kule nyuma nafura, iko nyekundu kabisa. Bado nanyonya, lakini iko kama nguruwe kubwa nataka dume. Hii ni nini?"

Someni tena maneno hayo, wenzangu. Mwanamke yule hakusoma hata shule ya msingi, na alinitolea jibu lote mkononi. Wanyama wa aina mbili, wa umri tofauti, wote miili yao inafanya mambo ya kike kabla ya wakati, na wote, hata anayenyonya, chakula chao kinatoka sahani moja. Amekula na nani? Mzee Omuse angekaa chini palepale.

Mimi nilikuwa na simu tatu zinaningoja. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kwa ng'ombe, sikuja kwa nguruwe." Nikavaa glavu. Nikakuta ovari zimejaa vivimbe vya maji, laini, vikubwa. Obbo alikuwa amefika pamoja na majirani, wameegemea ua, wananingoja niseme. Nikavua glavu, nikasema, "Huyu ni tasa. Muuze."

Obbo akaitikia kwa kichwa. Mama Owor alinitazama. Alikuwa anajua habari zangu, nani asiyezijua. Akasema polepole, "Ai, Dokita. Hata wewe?"

Nikakusanya vifaa vyangu, nikapanda bodaboda. Nyamalaba alipelekwa sokoni wiki ileile, na kutoka sokoni ni machinjioni.

Baada ya hapo yakaanza kumiminika. Paya kwingine, kisha Mella, kisha mwenye ng'ombe kumi wa Lunyo. Ng'ombe hawashiki mimba, mitamba wanavimba chuchu, majike yanapanda majike. Wakaanza kusema mbegu za Dokita zimeoza. Nami nikaanza kuamini, nikaupima mtungi, naitrojeni ipo, mbegu ziko hai. Jumapili moja baada ya kanisa nilikaa kitandani na daftari nikaweka alama kila boma lenye shida. Kisha nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Kila boma lenye alama lilikuwa na mtu aliyekuwepo kwenye mkutano ule wa uwanja wa soko.

Nikalitafuta daftari la kwanza chini ya kitanda. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeliwa pembeni na mende, lakini maswali matatu yalisomeka. Nililia, sioni haya kusema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, isipokuwa mimi guu nililovunja lilikuwa la Mama Owor.

Jumatatu nilichukua mahindi kwenye maboma manne tofauti, nikayapeleka maabara. Mpimaji alikuwa mama mmoja mpole aliyezungumza kama anayehofia kuniamsha. Aliponipa majibu alinieleza hivi. Kuna ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyolowa shambani, ule wa rangi ya waridi, nao hutoa kitu ambacho mwili wa mnyama unakidhania kuwa homoni ya kike. Si homoni, ila umbo lake linakaribia, basi mwili unakifungulia mlango. Tumbo la uzazi linapokea amri ambazo hazikutoka kwa mwenye mwili. Jike linaingia kwenye joto bila yai, mtamba anaota chuchu bila mimba. Nguruwe ndiye anayeathirika upesi kuliko wote. Ng'ombe anastahimili zaidi, lakini si kila siku, na si debe zima. Hata mabua yaliyonyeshewa shambani, akiachiwa ayale, yanaweza kuwa nacho.

Nikamuuliza, "Na wakiacha kula?"

"Wengi hurudi. Wape muda."

"Hata mwenye vivimbe kwenye ovari?"

"Mara nyingi, ndiyo. Kwani ng'ombe yuko wapi?"

 Nilikunja karatasi, nikaondoka.

Nilikwenda Paya kwa miguu kutoka barabara kuu, nikajitungia hotuba njiani. Mama Owor alikuwa anamenya muhogo. Alinipa kigoda, akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Basi Nyamalaba hakuwa tasa," akasema.

"Hakuwa."

"Alikula tu ile uliyosema tumpe."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mimi peke yangu nikusamehe, hiyo nasaidia nani? Yule mtamba, Obbo nasema anampeleka soko Alhamisi. Nasema mama yake tasa, na mtoto tasa. Wewe ulisema mbele ya watu. Nenda kasema tena mbele ya watu."

Kazi hii imenipiga teke mara nyingi. Ng'ombe mmoja wa Lunyo alinivunja kidole, na kidole chenyewe mpaka leo hakikunjiki. Lakini hakuna siku iliyokuwa ngumu kama ile niliyosimama tena pale uwanja wa soko, watu walewale, nikasema, "Niliwaambia uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini sikuuliza." Nikawasomea karatasi ya maabara. Nikawaambia yale mahindi yafukiwe. Nikawasomea na maswali matatu ya Mzee Omuse, niliyopaswa kuyauliza. Kisha nikamgeukia Obbo mbele ya wote, nikasema mtamba wake si tasa, nampa neno langu.

Obbo akacheka. "Neno lako? Lipi, Dokita? La kwanza au la pili?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Obbo alikuwa na haki. Lakini akasema atangoja miezi mitatu. Yule mtamba akikosa kushika mimba, anakwenda machinjioni, na Mama Owor hapati mwingine. Akishika, mkataba unaanza upya: ndama wa kwanza wa Obbo, wa pili wa Mama Owor.

Tangu siku ile simu zikapungua. Watu walikuwa na wapandishaji wengine, vijana wenye pikipiki zao, na nani atamwita Dokita aliyesema mwenyewe kwamba alikosea? Hawakunitukana. Walinisalimia vizuri sokoni, wakapita. Nilikuwa nakwenda kazini asubuhi na kukaa na mtungi wangu, nausikia unatoa moshi wake taratibu, na wakati mwingine jioni inafika sijasema na mtu. Nilidhani nimeshazoea upweke, kumbe nilikuwa sijauonja.

Boma moja tu halikuacha kuniita. Mama Owor alimlisha yule mtamba majani ya napia na maganda ya muhogo aliyoyakausha mwenyewe juani, na hakumfunga malishoni penye mabua hata mara moja. Nilikuwa nafika kila wiki, hata nisipoitwa, wala siendi kufanya lolote. Naketi, nauliza maswali matatu, anajibu, naondoka. Chuchu zikanywea. Vile vijiguruwe vikawa tena vijiguruwe. Mwezi wa pili mtamba akaingia kwenye joto la kweli, akatulia, na siku ishirini na moja baadaye akarudi kama kalenda. Mwezi wa tatu nikampandisha. Hakurudi tena.

Alizaa dume. La Obbo. Mama Owor aliwasindikiza Obbo na ndama wake hadi barabarani bila kinyongo, akarudi kungoja tena. Kumpandisha mara ya pili ilikuwa moja ya kazi zangu za mwisho. Kati ya siku niliyomwita Nyamalaba tasa na siku ndama wa pili wa binti yake alipozaliwa, ilipita karibu miaka mitatu. Hiyo ndiyo miaka niliyomnyang'anya mjane wa watu kwa kutomuuliza swali moja.

Ndama huyo alizaliwa wiki mbili baada ya mimi kukabidhi mtungi. Simu ililia asubuhi, nikadhani ni kampuni. "Dokita, imekuja. Ni jike. Njoo uone ya kwangu."

Nikamwambia sina tena mtungi, sina hata glavu.

"Nani nataka glavu? Kuja tu."

Ndama alikuwa mwekundu kama mama yake, miguu haijajua ikae wapi. Mama Owor alikuwa amemfunga kitambaa cha khanga shingoni, jambo ambalo kitaalamu halina maana yoyote, na sikumwambia. Alimzunguka yule ndama akimshika masikio, mkia, kwato, anahesabu kila kiungo kuwa ni chake. "Yangu," anasema. "Hii yangu. Na hii." Nilifurahi hadi nikakosa pa kuangalia.

Nilipotaka kuaga alinizuia kwa mkono.

"Dokita, nakuuliza kitu. Ile maneno tatu ya mzee yako, ulisema pale soko. Kule Tororo, kwa bwana yako, wakati wanasema wewe ni tasa. Kuna mtu alikuuliza?"

"Kuniuliza nini?"

"Ulikula nini. Ulikula wapi. Ulikula na nani."

Nilitaka kumjibu kwa utani, nina utani wa kila aina kwa jambo hilo. Safari hii niliuacha. Nikasema hakuna aliyeniuliza.

"Basi mimi nauliza."

Nikamwambia. Nilikula kilichobaki sufuriani baada ya wote kushiba. Nilikula jikoni, nimekaa kwenye gunia la makaa. Na nilikula peke yangu, miaka sita, na hata baada ya hapo.

Mama Owor akanivutia kigoda. Aliingia ndani, akatoka na ugali wa muhogo na wimbi, na kunde zilizoungwa kwa karanga, akaviweka katikati yetu. Akaninawisha mikono. Ndama alikuwa amelala karibu, na tukaanza kula.